Kutafiti Habari za Wakimbizi kwa Kutumia Kanzidata: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ukiandika "wakimbizi Tanzania" kwenye Google utapata kurasa nyingi kuliko utakazomaliza kusoma, na tarakimu zake zitagombana. Ripoti mbili za mwaka mmoja, za nchi ile ile, zinatoa hesabu mbili, na zote zimetaja Umoja wa Mataifa. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amehesabu watu wake, kwa tarehe yake na kwa sababu zake. Ndiyo maana katika mwongozo huu, kila tukifungua kanzidata (hifadhi ya taarifa iliyopangwa ili zitafutike kwa kompyuta), tutauliza kwanza nani kahesabiwa na nani kaachwa nje.

Nimewaandikia wanafunzi wa vyuo, waandishi wa habari na wafanyakazi wa mashirika wanaotumia kompyuta ya kawaida na bando la kununua wenyewe. Nitashika kisa kimoja kikuu: Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972, wakawekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Kisa hiki kina nyaraka za zaidi ya miaka 50, na takwimu zake humpoteza msomaji asiye makini upesi sana.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua kompyuta

"Wakimbizi wa Burundi nchini Tanzania" ni mada, bado si swali. Swali ni kama hili: watu wa makazi haya matatu waliishi vipi kati ya siku serikali ilipowakubalia uraia na siku walipokabidhiwa vyeti? Ukishaliandika hivyo, utaona unahitaji vitu vya aina nne: takwimu za watu, sheria iliyotumika, kauli za serikali, na tafiti za watu waliokwenda kuhoji. Hakuna kanzidata moja yenye vyote vinne. Anayezunguka kwenye tovuti moja wiki nzima huwa hajagawa swali lake.

Amua pia unazungumzia kundi gani. Mkimbizi amevuka mpaka na hadhi yake imetambuliwa. Mwomba hifadhi amevuka, lakini bado anangoja uamuzi. Mkimbizi wa ndani hajatoka nchini mwake. Aliyerejea na asiye na utaifa wana mafungu yao. Makundi haya huhesabiwa kwenye safu tofauti, na ukijumlisha bila kuangalia utapata idadi isiyo na maana.

Kwa Afrika kuna jambo la ziada. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua tafsiri ya mkimbizi iliyokuwemo kwenye Mkataba wa Geneva wa 1951, ukawaingiza wanaokimbia vita, uvamizi na machafuko makubwa. Kwa hiyo nchi zetu mara nyingi zimewapokea watu kwa kundi zima, bila kumhoji mmoja mmoja. Ukitafuta watu hao kwenye jedwali la maamuzi ya maombi ya hifadhi hutawaona, ingawa wapo kwa maelfu.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha ya maneno ya kutafutia

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kanzidata haielewi unachofikiria. Inalinganisha herufi tu. Nyaraka nazo ziliandikwa na watu waliotumia majina ya wakati wao.

Chukua Mishamo na Katumba. Leo yako mkoa wa Katavi, lakini mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Ripoti nyingi za kabla ya hapo zinasema Rukwa, au zinataja wilaya ya Mpanda peke yake. Anayetafuta "wakimbizi Katavi" anajifungia nje ya miaka 40 ya historia. Kambi ya Mtendeli nayo siku hizi inatajwa kuwa wilaya ya Kakonko, ambayo ilimegwa kutoka Kibondo. Ripoti za miaka ya 1990 zitakuambia Kibondo. Kwa wakimbizi wa Kongo, kumbuka nchi iliitwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Ukiweka "Kongo" pekee, Nyarugusu ya mwaka 1996, ilipofunguliwa, itakupita.

Kwa hiyo chora jedwali kwenye karatasi: safu ya majina ya mahali, ya sasa na ya zamani, safu ya watu, safu ya tukio, safu ya miaka. Kisha andika kila neno kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Kifaransa usikidharau. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu Burundi na Kongo iko kwa lugha hiyo, na anayetafuta "réfugiés burundais" hukutana na kazi ambazo wenzake hawajawahi kuziona.

Halafu unganisha maneno kwa alama ambazo kanzidata nyingi za kitaaluma zinazikubali:

(Katumba OR Mishamo OR Ulyankulu) AND Burundi*

OR inamaanisha lolote kati ya haya, AND inalazimisha yote yawepo, na mabano yanaweka kundi pamoja. Nyota inachukua miisho yote ya neno, kwa hiyo Burundi* itakuletea pia Burundian na Burundians. Waingereza huandika naturalisation na Wamarekani naturalization. Ukiweka naturali* unawapata wote. Alama za kunukuu hushika maneno yaliyofuatana, kama "old settlements", jina ambalo ripoti za Kiingereza huyaita makazi haya. Angalizo: Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za kitaaluma, haijali nyota, hivyo huko andika maumbo yote mawili.

Kuwa macho na Katumba. Hilo ni jina la mtu pia, na la mwanasiasa maarufu wa Kongo likikosewa herufi moja. Ukilitafuta bila AND utaletewa siasa za Lubumbashi.

Hatua ya 3: Takwimu za UNHCR, na jinsi ya kuzisoma

Anzia kwenye Refugee Data Finder, kanzidata ya bure ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, yenye takwimu tangu 1951. Huhitaji akaunti. Chagua nchi ya hifadhi iwe Tanzania, nchi ya asili iwe Burundi, miaka iwe 1972 hadi leo, kisha weka alama kwenye makundi yote ya watu, si wakimbizi tu. Pakua faili la CSV, yaani jedwali la kawaida, ulifungue kwa Excel. Wanaotumia R, programu ya takwimu, wana kifurushi kiitwacho refugees, kinacholeta takwimu hizo moja kwa moja.

Sasa ondoa kizuizi cha nchi ya asili uone jumla ya wakimbizi wote nchini Tanzania. Mwishoni mwa 2008 walikuwa zaidi ya 320,000. Mwishoni mwa 2009 wako chini ya 120,000. Mtu akichora grafu hapo, ataandika kwamba watu laki mbili waliondoka Tanzania ndani ya mwaka mmoja.

Hawakuondoka. Wapo waliorudi kwao kweli, lakini sehemu kubwa ya anguko lile ni Warundi wa 1972. Mwaka 2007 na 2008 waliulizwa wachague kurudi au kuomba uraia. Karibu asilimia 80 wakachagua uraia, na zaidi ya 162,000 wakakubaliwa. Kwenye takwimu wakatoka safu ya wakimbizi, wakaja kuonekana kwenye safu ya watu wengine ambao UNHCR inawahudumia. Maishani mwao hakikubadilika kitu: nyumba zile zile, mashamba yale yale ya Mishamo. Wakati huo serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamishia mikoa mingine kabla ya kuwakabidhi vyeti. Mpango ukakwama, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka ile ya katikati, kanzidata ilisema si wakimbizi, na mikononi hawakuwa na karatasi ya uraia. Ukilitazama jedwali la wakimbizi peke yake, swali letu la utafiti halionekani kabisa.

Kwa hiyo kila ukiona mstari umeporomoka au umepaa, pita kwenye haya kabla ya kueleza sababu: je, watu wamehamishiwa safu nyingine? Je, kulikuwa na uhakiki? Mfano wa uhakiki ni Uganda. Mwaka 2018 serikali na UNHCR waliwahakiki wakimbizi kwa alama za vidole na mboni za macho, na hesabu iliyokuwa ikitajwa kuwa zaidi ya milioni 1.4 ikashuka hadi karibu milioni 1.1. Grafu ikionyesha mshuko huo, usiandike kwamba watu walirudi Sudan Kusini.

Mambo mengine madogo madogo. Takwimu za mwaka ni picha ya tarehe 31 Desemba, hivyo aliyeingia Machi na kurudi Oktoba haonekani. Tarakimu zilizo chini ya 5 huviringishwa kwenda 0 au 5 ili mtu asitambulike. Kwa miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi nchi ya asili haikuandikwa, kwa hiyo sifuri hapo haimaanishi hakuna mtu. Na Wapalestina walio chini ya shirika la UNRWA wanawekwa mbali na hesabu ya UNHCR. Ukilinganisha Tanzania na Yordani, yenye Wapalestina wengi, bila kulijua hilo, umekosea tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Waliohama bila kuvuka mpaka

Kwa wakimbizi wa ndani nenda IDMC, kituo cha Geneva kilichoanzishwa na Baraza la Wakimbizi la Norway mwaka 1998, na DTM, mfumo wa kufuatilia watu waliohama wa IOM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji. IDMC hutoa tarakimu za aina mbili, na magazeti huzichanganya kila mwaka. Ya kwanza ni idadi ya watu walio uhamishoni mwisho wa mwaka. Ya pili ni idadi ya safari za kukimbia ndani ya mwaka: mama aliyekimbia mji wa Sake, mashariki mwa Kongo, akarudi, akakimbia tena, amehesabiwa mara mbili. Kwa Kongo mashariki tarakimu ya pili inaweza kuwa kubwa ajabu, na si makosa, mradi usiiite "watu".

DTM ina ripoti za karibu zaidi na uwanja, mpaka ngazi ya eneo. Soma ukurasa wa mbinu kwanza. Mara nyingi hesabu inatoka kwa viongozi wa eneo walioulizwa, si kwa kuhesabu kaya. Na hali ikibadilika ghafla, hesabu hubaki nyuma. Baada ya waasi wa M23 kuingia Goma Januari 2025, kambi zilizouzunguka mji zilibomolewa na watu wakatawanyika ndani ya siku chache. Takwimu za miezi hiyo zisome pamoja na tarehe zake.

Hatua ya 5: Ripoti za uwanjani

ReliefWeb, ya OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya dharura, imekusanya ripoti za mashirika tangu 1996. Uzuri wake ni vichujio: chagua nchi, chanzo, aina ya waraka, tarehe. Kwa kisa chetu weka Tanzania na Burundi, kisha punguza hadi 2007 mpaka 2015. Usisome kila kitu. Soma ripoti ya kwanza na ya mwisho ya kila mwaka, kisha rudi kwenye miezi ambayo kuna jambo.

HDX, pia ya OCHA, ni ya mafaili ya takwimu na ramani. Kwa hali ya sasa kwenye kambi kama Nyarugusu, tumia kurasa za operesheni za UNHCR, ambazo huhuishwa mara nyingi kuliko takwimu za mwaka. Usizichanganye na za mwaka kwenye jedwali moja bila kuandika tarehe.

Na ukumbuke kwamba shirika linaloandika ripoti mara nyingi ndilo linaloomba fedha. Hiyo haifanyi ripoti kuwa uongo, ila inaamua nini kitatangulia ukurasa wa kwanza.

Hatua ya 6: Sheria na hukumu

Refworld ya UNHCR ina sheria za nchi, mikataba, hukumu na miongozo. Kwa Tanzania tafuta Sheria ya Wakimbizi ya 1998, iliyofuta ile ya 1965, na Sheria ya Uraia ya 1995. Ile ya 1965 isome pia hata kama imekufa, maana ndiyo iliyokuwa ikitumika Warundi wa 1972 walipoingia. Hukumu za mahakama zetu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII. Upande wa Kenya kuna Kenya Law, na huko usiache hukumu mbili za Mahakama Kuu: ya Julai 2013 iliyozuia wakimbizi wa mijini kuhamishiwa kambini kwa nguvu, na ya Februari 2017 iliyozuia kambi ya Dadaab kufungwa.

Sheria ya nchi inaweza kuwa imerekebishwa baada ya nakala unayosoma kupandishwa mtandaoni. Angalia mwaka wa toleo juu ya ukurasa.

Hatua ya 7: Makala za kitaaluma bila kulipa

Anza na Google Scholar kwa msako mpana. Ukipata makala moja nzuri, usiendelee kubuni maneno ya kutafutia. Bofya kiungo kilicho chini yake kinachoonyesha kazi zilizoinukuu, kisha ndani ya hizo tafuta "Mishamo". Halafu rudi nyuma kwa kusoma marejeo ya makala yenyewe. Kwa njia hiyo makala moja inakupa waliotangulia na waliofuata.

Ukikuta makala inadai dola 40, usilipe. Jaribu kwanza:

- Matoleo mengine ya makala hiyo ndani ya Google Scholar. Huenda mwandishi ameweka nakala kwenye hifadhi ya chuo chake.
- Unpaywall, programu ndogo ya kivinjari inayokuonyesha kama kuna nakala halali ya bure.
- JSTOR, ambako akaunti ya bure inakuruhusu kusoma makala kadhaa mtandaoni kila mwezi.
- Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, kupitia maktaba ya chuo au taasisi yako. Wanafunzi wengi wa Tanzania, Uganda na Burundi hawajui kwamba nchi zao zimo. Mkutubi ndiye mwenye nenosiri, muulize.
- Barua pepe kwa mwandishi. Wengi hujibu, na wanafurahi kuulizwa.

Majarida ya kuyafahamu: Journal of Refugee Studies, lililoanza 1988, Refuge la Kanada, ambalo ni bure kabisa, na Forced Migration Review kutoka Oxford, la makala fupi za watu wa uwanjani, bure kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kiarabu. Kiswahili hakimo, pamoja na wingi wote wa wakimbizi wanaokizungumza. Kwa majarida ya Afrika tumia tovuti ya AJOL. Msako wake wakati mwingine huruka makala, hivyo fungua jarida lenyewe upitie yaliyomo.

Hatua ya 8: Vyanzo vya Kiswahili ambavyo wageni hawavioni

Hapa msomaji wa Kiswahili anawashinda maprofesa wa ng'ambo. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge la Tanzania, Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge, na ziko kwa Kiswahili. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi hueleza habari za wakimbizi, na wabunge wa Kigoma, Tabora na Katavi huuliza maswali yanayoonyesha wananchi wao wanalalamikia nini: ardhi, kuni, ujambazi, uchaguzi.

Msako wa ndani ya tovuti za serikali mara nyingi ni dhaifu. Pitia Google kwa kuandika:

site:go.tz wakimbizi "raia wapya" filetype:pdf

"Raia wapya" ndivyo wanavyoitwa waliopewa uraia, na tafsiri zake za Kiingereza hazitakufikisha kwenye nyaraka hizi. Jaribu pia "makazi ya wakimbizi" na "Idara ya Huduma kwa Wakimbizi". Faili nyingi za zamani ni picha za karatasi zilizopigwa skani, hivyo kompyuta haizisomi. Hizo utazipitia kwa macho, ukianzia vikao vya bajeti.

Kwa miaka ya 1970 na 1980 mtandao haukutoshi. Mkusanyo wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa ndiko kwa kwenda.

Hatua ya 9: Data ya kaya, kwa wenye ujuzi wa takwimu

Maktaba ya data ghafi ya UNHCR na ile ya Benki ya Dunia zina tafiti za kaya zilizoondolewa majina, kwa mfano za Kalobeyei na Kakuma nchini Kenya, na ya wakimbizi na wenyeji wao nchini Uganda ya 2018. Unajisajili, unaeleza utafanyia nini, unangoja. Soma dodoso kabla ya kufungua data, na tumia uzani wa sampuli uliowekwa, yaani namba inayoonyesha kila aliyehojiwa anawakilisha watu wangapi. Bila huo wastani wako si wa kambi, ni wa waliohojiwa tu.

Hatua ya 10: Hifadhi, nukuu, omba kibali

Viungo hufa. Februari 2025 tovuti ya USAID ilizimwa, na waliokuwa wamenukuu ripoti zake kwa kiungo pekee wakabaki na kurasa tupu. Kila waraka unaoutegemea upakue, uupe jina lenye mwaka, chanzo na mada, na uingize kwenye Zotero, programu ya kupanga marejeo, ambayo ni bure. Ukurasa usiopakulika uhifadhi kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Kwa takwimu andika siku uliyopakua, maana UNHCR husahihisha miaka ya nyuma, na mwenzako akipakua mwakani anaweza kupata tarakimu nyingine.

Usichapishe jina, picha au namba ya kadi ya mtu uliyoikuta kwenye ripoti, hata kama iko wazi mtandaoni. Na wale wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliopata vyeti ni Watanzania; ukiwaita wakimbizi kwenye kichwa cha habari, unampa hoja anayetaka kuwanyang'anya shamba au kura.

Kama kazi itakufikisha kambini, kibali cha utafiti Tanzania kinatolewa na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kuingia kambini kunahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Peleka maombi wakati bado uko hatua ya tatu, ukiambatisha jedwali lako la takwimu na maelezo ya nani amehesabiwa. Afisa akiona unazijua tarakimu zake, mazungumzo huenda haraka.